Anaijua ratiba ya mtu wa kwenye gemu, ya mama yake haijui

Kuna kijana mmoja wa Wambaa, kule Pemba, anafanya kazi kwenye duka la simu mjini Unguja. Juzi kati kapata likizo ya wiki moja, kapanda boti mpaka Mkoani na mabegi mawili: moja la nguo, jingine la PlayStation. Kufika nyumbani, mama kapika, mwana kacheza.

Gemu yenyewe Red Dead Redemption 2, ile ya 2018. Wenzake wameimaliza zamani. Yeye bado, maana misheni hana habari nazo. Raha yake ni wale watu wa pembeni ambao wachezaji wengi huwapita kama nguzo za umeme. Pale mji wa Valentine alimchagua kibarua mmoja akamfuata siku nzima. Asubuhi kazini, jioni baa, usiku kwenda kulala. Kijana anacheka peke yake: "Huyu mtu ana maisha yake kabisa!"

Na kweli, kuna watu wameumiza vichwa kwa hilo. Shenmue ya 1999 iliwapa wakazi wa mtaa wake saa za kufungua duka na saa za kurudi nyumbani. Oblivion ya 2006 ikasogea mbele: mhusika anapewa shida tu, kula na kulala, njia anaitafuta mwenyewe. Kwenye GTA mambo ni tofauti. Mpita njia wa barabarani huzaliwa ukimkaribia, ukikata kona keshafutwa. Hana alikotoka wala anakokwenda. Yupo kwa sababu wewe upo.

Siku ya tatu, mdogo wake wa kike akasimama mlangoni, akatazama kioo, akauliza: "Kaka, huyo unajua mpaka saa yake ya kulala. Mama leo kenda pwani saa ngapi?"

Kimya. Hajui.

Hapo ndipo ilipomuuma. Mwaka mzima amekuwa akimpigia mama saa sita mchana, muda wake wa kula kazini. Siku nyingine anapokea, siku nyingine simu inaita mpaka inakata. Jioni lawama: "Mama, simu nimekununulia ya nini?" Mama anacheka tu, anasema alikuwa mbali nayo.

Kesho yake kazima gemu, kamfuata mama pwani. Ilikuwa bamvua. Maji yamekimbia mbali, wanawake wameinama na vijiti vyao wanachokoa pweza mashimoni. Simu? Imebaki nyumbani, isije ikalowa. Jua la saa sita liliwakuta bado wamo majini. Kurudi, mama anashika goti kila baada ya hatua chache. Goti hilo nalo kijana hakuwahi kulisikia.

"Kwa hiyo kila siku saa hizi unakuwa huku, mama?"

"Kila siku wapi, mwanangu! Kesho maji yatachelewa kidogo, keshokutwa zaidi. Yakiwa maji mafu nakaa nyumbani. Nende nkafanye nini?"

Yule kibarua wa Valentine anaamshwa na saa. Mama wa Wambaa anaamshwa na mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka sana, ukiwa nusu, hayatoki vya kutosha. Kila siku kupwa kunasogea mbele kama dakika 50. Ratiba hiyo huwezi kuikariri kwa kumpigia mtu dakika mbili.

Kijana karudi Unguja. Kwenye simu yake sasa kuna alama siku za bamvua, na siku hizo anapiga baada ya isha. Cha kwanza anauliza goti.

Wewe je, mama yako saa hizi yuko wapi, anafanya nini? Bila kumpigia.