Ala Zimebaki Mjini, Masikio Yamehama

Wenzangu wa rika langu tukikutana kwenye shughuli hawana mazungumzo ila haya: vijana wa siku hizi hawaujui muziki, wanapenda makelele, taarabu imekufa. Nimeyasikiliza maneno hayo miaka mingi nikinyamaza. Leo nayapinga, na ninayapinga nikiwa ndani ya rika hilohilo, mwanamke niliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja kabla ya Mapinduzi na kukulia katika vichochoro ambavyo sasa wageni huvipiga picha.

Wajukuu zangu huniuliza, na wageni wanaopanga vyumba kwa jirani huniuliza pia: usiku huu mtu aende wapi akasikie muziki unaopigwa mbele ya macho yake? Sisi suali hilo hatukuwa nalo. Nyumba za mawe zilijaa watu kuanzia chini hadi juu. Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa 1905, na Culture, kilichoanza 1958, walifanya mazoezi jioni madirisha yakiwa wazi, na fidla ilikukuta kichochoroni huku umebeba kikapu cha sokoni. Idi ilikuwa na taarabu yake, na aliyekosa kiingilio alisimama nje akasikia kila kitu bure. Wazee wetu walitusimulia kwamba huko Ng'ambo, nyumbani kwa mwimbaji Siti binti Saad, watu walijazana nje usiku yeye na wapigaji wake walipokuwa wakifanya mazoezi. Siti alikwenda Bombay 1928 kuimba kwa Kiswahili kwenye santuri, lakini kabla ya santuri walikuwapo majirani, nao ndio waliojua kama wimbo umefika au haukufika.

Leo nikimwelekeza mtu namwambia hivi. Nenda Vuga kwenye klabu ya Culture, uliza siku za mazoezi. Ukiwa na fedha, panda kwenye paa la hoteli Hurumzi au Shangani wakati wa chakula cha usiku, utakuta udi, kanuni na mtu wa dumbak. Ukija Februari, kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo lipo tangu 2004 na kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, ingawa 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Kila mwaka kuna pia tamasha la filamu, na humo muziki haukosekani. Siku zilizobaki, uliza na usichoke kuuliza.

Kwa hiyo mahali pa kupigia papo. Wengine wangesema pameongezeka, maana enzi zetu hakuna aliyelipwa kupiga kanuni kila usiku juu ya paa. Lakini hebu angalia nani amekaa mbele ya wapigaji.

Mji Mkongwe umewatoa watu wake. Baadhi walihamia Michenzani, kwenye majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi. Wengine walikwenda Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo, mtu akajenga vyumba vitatu na ua wake mwenyewe, na ni haki yake, kwani nyumba ya mawe inavuja na haina mwisho wa matengenezo. Utalii ulipokuja, nyumba nyingi zikawa hoteli na maduka ya vinyago. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji wetu katika urithi wa dunia. Kuta zikapata mlinzi, majirani hawakupata. Ala zikabaki mjini na masikio yakahama.

Huko yalikohamia masikio, mambo yakaenda njia nyingine. Kundi kamili la taarabu ya kale ni watu ishirini na zaidi: fidla kadhaa, chelo, akodiani, kanuni, udi, nai, rika, waimbaji na waitikiaji. Wote hao wanataka usafiri, chakula na malipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja taarabu ya kisasa, East African Melody na wenzao, na kinanda cha umeme kikafanya kazi ya nusu ya kundi. Taarabu hiyo, iliyoitwa rusha roho, ikashika kila harusi. Baadaye hata kinanda kikaonekana ghali, sasa ni spika mbili na kijana mmoja mwenye kompyuta. Wenzangu wanaolia kwamba vijana wameua taarabu nawauliza: bibi harusi ana miaka ishirini na mbili, ni yeye aliyelipia ukumbi? Aliyekodi spika ni mama, na mama huyo ni wa rika letu au amelelewa na rika letu.

Vijana wenyewe, kwa upande wao, wamefanya jambo ambalo sisi hatukulifanya. Mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Zamani mtu alijifunza fidla kwa kukaa nyuma ya mzee miaka na miaka, akichunguza vidole vyake, na mzee akiamua kukuficha kitu hukijui mpaka anakufa. Chuoni kijana anasoma noti, anafundishwa bashraf, muziki wa ala bila kuimba, kwa utaratibu, anapiga pamoja na mwenzake wa umri wake. Na wasichana wanapiga! Hapa niache nisimame kidogo, kwa sababu wanaume wa rika langu hulipita jambo hili kama si kitu. Wakati wetu mwanamke aliimba, ala zikashikwa na mwanamume. Wanawake walikuwa na vyama vyao tangu kabla ya Mapinduzi, walitupiana mafumbo ya kuchoma ngozi, lakini kumwona binti ameweka udi mapajani mbele ya watu kulikuwa kichekesho. Leo kuna Tausi, kundi la wanawake pekee lililoanzishwa na Mariam Hamdani, na wanapiga wenyewe. Kuna Siti Amina na bendi yake, waliotoka chuo hichohicho. Kuna Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, aliyetoa albamu 2020. Mtu akiniambia taarabu imekufa huku mabinti hawa wako hai, namwona anazungumzia ujana wake uliokwisha.

Walichokosa ni kitu kimoja, na wala si chao kukitengeneza: watu wa kuwajibu. Taarabu inataka kujibiwa. Mwimbaji anaimba beti, mwanamke mmoja ananyanyuka mwishoni mwa ukumbi, noti mkononi, anakwenda polepole akicheza, anapita makusudi mbele ya kiti cha hasimu wake, ndipo anamtunza mwimbaji. Kila mtu ameelewa. Beti ile sasa si ya mtunzi tena, ni ya yule mama na ugomvi wake, na mwimbaji akiona hivyo huirudia mara ya pili na ya tatu. Wimbo wa dakika kumi unaweza kufika ishirini kwa sababu ya wivu wa watu wawili. Juu ya paa la hoteli beti hiyohiyo inaimbwa vizuri, pengine kwa sauti safi kuliko za kale, na wageni wanapiga makofi kwa adabu halafu wanarudi kwenye samaki. Fumbo limetupwa na hakuna wa kuchomwa nalo. Kijana anayepiga hivyo kila usiku atajifunza kuukata wimbo, kwa kuwa hakuna anayemwomba aurudie.

Siwalaumu wageni, fedha yao ndiyo inayowalisha wapigaji. Mwimbaji wetu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipanda majukwaa ya Ulaya, akarudi nyumbani kupiga ngoma za unyago kwa wari. Alikuwa na pande zote mbili, na upande wa nyumbani ndio uliompa cha kuwapelekea wa mbali. Hawa wa sasa tumewaachia upande mmoja, kisha tunawacheka kwamba wanapigia watalii.

Mjukuu wangu anasoma udi. Mwezi ujao binamu yake anaolewa Fuoni, naye ameomba aje na wenzake watano wapige uani baada ya isha. Shangazi zake wamekataa, wanasema spika zimeshalipiwa na watu watachoka. Nimewaambia spika zipigwe mchana mpaka ziungue, usiku ni wa vijana. Kutunza nitaanza mimi, na ninajua ni mbele ya kiti cha nani nitapita.