Neno la siri la Mjomba

Wadau, najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, hata wengine mmeanza kuuliza kama nimepata kazi yenye mshahara nikawasahau. Wapi! Nilikuwa kusini, Nachingwea na Ruangwa, na nimerudi na habari ambayo kila nikikaa kuiandika nakumbuka kwamba nina nguo za kufua. Sababu mtaiona. Mkosaji katika habari hii ni mimi.

Nianze na Mjomba. Ni mwalimu mstaafu, anaishi Nachingwea, ana mikorosho yake na redio yake. Miaka kadhaa iliyopita macho yalianza kumwacha. Ilikuwa presha ya macho, ule ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole, mpaka mtu anashtuka amebaki na kitundu cha katikati, halafu nacho kinazibika. Kilichokwishapotea hakirudi. Mjomba aliacha kusoma gazeti, akaacha kusahihisha madaftari ya wajukuu, mwisho akaacha kuandika barua. Akawa anasema, mjukuu anaandika. Kwa hiyo kila barua ya Mjomba ilijulikana nyumba nzima kabla haijaingia kwenye bahasha.

Mimi mpwa wake, mwandishi wa habari wa Dar, nikajiona mkombozi. Nikanunua laptopu ya mtumba Kariakoo, nikaiwekea NVDA. Kwa wasioijua, hii ni programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona, na hadi leo inatolewa bure. Kabla ya hapo programu iliyotamba ilikuwa JAWS, na bei yake kwa mwalimu mstaafu wa Nachingwea ni ndoto. Ndani ya NVDA kuna sauti iitwayo eSpeak ambayo inajua hata Kiswahili. Inakisoma kama Mzungu aliyeshuka jana uwanja wa ndege, lakini inaeleweka.

Mjomba alijifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Ule upele mdogo kwenye herufi F na J (umewahi kujiuliza kazi yake?) ukawa mlango wake. Vidole vinatua hapo, vingine vinajipanga. Insert na mshale wa chini, inasoma yote. Insert na T, inakutajia dirisha ulilopo. Insert na F12, inakwambia saa. Wiki ya kwanza alikuwa akiuliza saa kila dakika tano, kwa raha tu.

Na neno la siri? Nililiweka mimi. Jina langu na 123. Nililichagua ili nisilisahau, na nikalitangaza sebuleni ili mtu yeyote aweze kumsaidia mzee akikwama. Wakati ule niliona nimefikiria kila kitu.

Haya. Twende Oktoba iliyopita, msimu wa korosho. Huko kusini Oktoba si mwezi wa mchezo. Korosho zinapelekwa ghalani, zinauzwa kwenye minada ya RUNALI, yaani chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha watu wanasubiri fedha ziingie benki. Nilikwenda kuandika habari za mnada, nikafikia kwa Mjomba. Jioni ya kwanza, baada ya ugali na mbaazi, akaniambia:

"Mpwa, kesho utanipeleka Ruangwa. Kuna mwalimu mwenzangu nataka akutane na wewe."

"Kuna nini Ruangwa, Mjomba?"

"Kuna shule. Utakaa dawati la mbele."

Tukapanda basi dogo asubuhi, yeye dirishani ingawa haoni, kwa sababu anapenda upepo. Njiani akaanza habari za karanga. Mnazijua? Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Wakaleta matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara. Udongo na mvua hawakuvichunguza vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na baadaye hata reli ikang'olewa.

"Walileta mashine kubwa bila kuuliza udongo," akasema Mjomba. Akanyamaza kidogo. "Na wewe uliniletea mashine."

Sikumjibu.

Mwalimu wa Ruangwa ni mama wa makamo, anafundisha shule ya msingi, na hajaona tangu alipougua surua utotoni. Mjomba humwita Madamu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa vizuri akauliza: "Wewe ndiye mwenye 123?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akafungua laptopu yake. Nikaona skrini nyeusi tii, nikamwambia kwa huruma, "Mwalimu, nadhani haijawaka." Alikuwa na hedifoni sikio moja, jingine ameliacha wazi. Akasema imewaka tangu nilipokuwa mlangoni, na hivi sasa anasoma barua pepe. Kumbe NVDA, tangu toleo la 2019.3, ina kitu kama pazia. Ukiliwasha, skrini inakuwa nyeusi kwa kila mtu lakini sauti inaendelea.

"Mtu anayeona akikaa na kompyuta, anajua nani amesimama nyuma yake," akasema. "Mimi sijui. Sasa kwa nini niwashe taa ya kumulikia wengine barua zangu, wakati mimi mwenyewe siitumii?"

Nimeandika makala ngapi za usalama wa mtandao? Nyingi. Sikuwahi kuliwaza hilo hata mara moja.

Somo likaendelea, na ninaliweka hapa kwa faida ya yeyote mwenye mzazi, rafiki au mwanafunzi asiyeona. Ukiandika neno la siri, NVDA haitaji herufi zake, inasema "nyota, nyota" tu, kwa hiyo usiogope sikio la jirani, ogopa macho yake yanayofuata vidole vyako. Ukiinuka kwenda hata chooni, bonyeza kitufe cha Windows na L, kompyuta inajifunga. Kwenye mipangilio ya NVDA weka ianze kuongea tangu ukurasa wa kuingilia, la sivyo utapapasa mlango usioongea na utaishia kumwita mtu akuandikie neno lako la siri. Na kabla ya kukubali kufungia diski nzima kwa neno la siri linaloulizwa kabla Windows haijaamka, jua kwamba hapo hakuna kisoma skrini kinachofanya kazi. Utakuwa umejifungia nje ya nyumba yako.

Halafu kuna fundi. Kila mji una fundi anayesafisha virusi kwa kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kwa mimi na wewe ni usumbufu wa siku moja. Kwa Madamu, kompyuta ilirudi bubu. NVDA imefutwa, na fundi anamwambia mashine ni nzima kabisa, mama, angalia mwenyewe! Sasa anatembea na fleshi yenye NVDA inayofanya kazi bila kusanikishwa, na anajua kwamba kwenye Windows 10 na 11 kitufe cha Windows, Ctrl na Enter vikibonyezwa pamoja vinaamsha msomaji wa Windows yenyewe. Fundi hapewi neno la siri. Anakaa naye mpaka amalize.

Nikamuuliza kama haoni ni kazi nyingi mno. Jibu lake ndilo lililonifanya nisilale usiku ule.

"Nilikua na nukta nundu," akasema. "Daftari langu likikaa mezani wiki nzima, nyumba nzima hakuna anayeweza kulisoma. Nilikuwa na siri bila kufuli. Kompyuta imenipa mambo mengi, lakini kila ninachoandika sasa kiko katika maandishi yenu. Mjomba wako ni vingine. Yeye amepofuka mtu mzima, nukta hazijui. Miaka yote hiyo alikuwa anaandika kwa mdomo, mbele za watu. Hii mashine ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa peke yake na barua."

Mjomba alikuwa kimya. Ndipo Madamu akasema, "Sasa abadilishe neno la siri. Kijana, tupishe."

Wadau, niliumia. Mimi niliyenunua? Nikatoka, nikakaa chini ya mwembe kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Na pale chini ya mwembe ndipo nilipolazimika kukumbuka jambo ambalo nimekuwa nikiliita dogo.

Safari yangu ya mwaka uliotangulia, Mjomba akiwa amelala mchana, nilifungua laptopu yake kutafuta chaji ya simu... hapana, ngoja niseme ukweli. Niliifungua kwa sababu niliweza. Nikakuta faili la barua, nikasoma. Alikuwa anaandika rasimu ya wosia. Sehemu ya mikorosho alitaka apewe binti aliyelelewa pale nyumbani, ambaye si wa damu yetu, na ndiye anayemshika mkono kila siku. Nikampigia mama yangu. Sikumwambia nimeona wapi. Mama akawapigia wengine, na ukoo ukawaka moto.

Mnapaswa kujua pia kitu kimoja. Kwa desturi za zamani za Wamwera ukoo ulifuata upande wa mama, na mrithi wa mjomba ni mpwa. Yaani mimi. Kwa hiyo sikuwa msomaji asiye na maslahi. Nilijidai nina wasiwasi na amani ya familia.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa. Najua, nimeiandikia makala mbili. Zote zilihusu wezi wa mbali, wa kwenye intaneti.

Njia nzima ya kurudi Nachingwea nilikuwa naupanga mdomo wangu. Tulipokaribia mjini Mjomba mwenyewe akasema, kama anayezungumza na dirisha: "Unajua, barua zangu zilisomwa. Nilimgombeza sana yule mjukuu. Alilia, akasema si yeye, nikamwambia nani mwingine? Tangu siku hiyo hanisomei hata ujumbe wa simu."

Mjukuu huyo ana miaka kumi na minne.

Nikasema, "Mjomba, nilikuwa mimi."

Nilitegemea anigombeze. Hakusema kitu. Basi likaingia stendi, watu wakashuka, sisi tumekaa. Kondakta akatuangalia mara mbili. Mwishowe Mjomba akauliza, "Uliisoma yote?"

"Yote."

"Basi ulisoma na sababu."

Nilizisoma, ndiyo. Aliandika kwamba binti yule ndiye mtu pekee nyumbani anayeuliza kabla ya kumsogezea kitu. Mama sikumwambia hilo. Nilimwambia idadi ya mikorosho tu.

Usiku ule Mjomba alimwita mjukuu barazani, akamwomba radhi mbele yetu sote, mbele ya binti, mbele yangu. Akasema alimhukumu bila ushahidi. Hakutaja jina langu. Nikalitaja mwenyewe. Kijana hakuniangalia, akaenda kulala bila kuniaga, na sikuwa na la kumlaumu. Mama nilimpigia kesho yake. Mazungumzo hayo siyaandiki hapa, maana mengine ni yake.

Siku nne zilizobaki Mjomba alinitumia kama fundi. Nimemwekea ile fleshi ya akiba. Nimempangia hedifoni. Nimeweka sauti ianze kwenye ukurasa wa kuingilia. Kila ilipofika mahali pa neno la siri, aliniambia, "Geuka," nami nikageuka nikatazama ukuta wenye kalenda ya mwaka juzi, nikisikiliza vidole vyake vikigonga polepole. Ni neno refu. Nilijikuta nahesabu herufi, nikaacha.

Mara nyingi sisi tunaoona ndio tunaonunua, tunaofungua akaunti, tunaochagua neno la siri, tunaobonyeza namba za siri za fedha kwenye simu za wazazi wetu. Tunaita msaada, na kweli ni msaada. Lakini ukihesabu, ni watu wangapi wasioona unaowajua ambao hakuna ndugu anayejua neno lao la siri? Mimi nilikuwa simjui hata mmoja. Sasa nawajua wawili, mmoja yuko Ruangwa.

Juzi nimepata barua pepe kutoka kwa Mjomba, ameiandika na kuituma mwenyewe. Anasema fedha za mnada zimeingia, mvua bado, mjukuu ameanza tena kumsomea ujumbe wa simu ingawa kwa kununa. Kuhusu wosia hajasema kitu, nami sijauliza.