Daftari Langu Huko Shinkolobwe

Ukitoka Likasi, mji ulioitwa Jadotville zamani za Wabelgiji, ukashika njia ya magharibi, baada ya kilometa kama 20 wafika Shinkolobwe. Hapo ndipo Mwingereza Robert Sharp alipovumbua madini ya urani mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière ilichimba kwanza kwa ajili ya radiamu, hata ikaja vita kuu ya pili. Na urani ya hapa ikatumika kuunda bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945.

Mambo hayo nilikuwa nayo kichwani, na daftari jipya mkononi. Mwalimu, msomaji mpenzi, ni mtu mgumu kusafiri naye: kabla hajafika amekwisha kujua yote.

Kwenye mashimo hatukukaribia. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, visima vikazibwa kwa saruji. Nao wachimbaji wadogo waliokuja baadaye kutafuta kobalti walipigwa marufuku kwa amri ya Rais mwezi wa Januari 2004.

Aliyenisindikiza alikuwa mzee mmoja, mchimbaji wa siku hizo. Tulisimama kivulini, akaanza kusimulia polepole, akionyesha kwa fimbo. Mimi nikawa naitika, “Ndiyo, Baba,” huku naandika: “Nimesimama mahali ulimwengu ulipogeuka.” Nikaifuta sentensi, nikaipanga upya. Neno “nimesimama” lilinipendeza mno. Alipokwisha, nikamwuliza kama watu wa hapa huizungumza Hiroshima.

Akanitazama. “Mwalimu, nimekueleza habari za wenzetu waliofukiwa, nawe waniuliza habari za Wajapani?”

Naam, mwezi wa Julai 2004 ardhi iliporomoka mgodini, watu 8 wakafa. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma zamani. Sasa aliyewajua wafu aliisema mbele yangu, nisimsikie. Wala sikuwa nimesinzia, wala mawazo hayakwenda mbali. Niliiwaza Shinkolobwe yenyewe, ila katikati yake nilijiweka mimi, kama mtu azibaye dirisha kwa mgongo wake kisha alalamike kwamba chumbani mna giza.

Nikamwomba radhi, nikatia daftari mfukoni. Akarudia kwa ufupi, kama mtu amrudiaye mtoto somo. Fimbo ikaonyesha palipokuwa na vibanda, palipouzwa chakula, na njia ya kwenda kuteka maji: kijiji kizima cha wachimbaji, kilichobomolewa mwaka ule ule. Nami kwa muda wote ule nilidhani pale mbele yetu pana majani tu.