Alijifunga Mbele ya Dunia Nzima, Kisha Akaenda Kupiga Penalti

Kuna kosa la chumbani na kuna kosa la hadharani. La chumbani unalijua wewe na Mungu wako, yanaisha. La hadharani ndo balaa. Watu wanapiga picha ya skrini, inazunguka kwenye magrupu, na mwaka ukikatika bado kuna mtu anakukumbushia huku anacheka.

Sasa chukua hilo la hadharani, ulifanye la dunia nzima.

Jumapili, Julai 1, 2018. Saa 11 jioni Moscow, saa 11 jioni Dar na Nairobi, maana saa zao na za Afrika Mashariki ni zilezile. Kombe la Dunia, 16 bora, wenyeji Urusi dhidi ya Hispania, uwanja wa Luzhniki, watu zaidi ya 78,000. Dakika ya 12 Hispania wanapiga faulo kutoka pembeni. Kwenye nguzo ya mbali kuna beki wa Urusi ameng'ang'aniana na Sergio Ramos, ameupa mpira mgongo kabisa. Wote wawili wanadondoka. Mpira unamgonga yule beki kisigino, huyoo, wavuni.

Kajifunga. Nyumbani kwao, kwenye jiji alilozaliwa.

Jamaa anaitwa Sergei Ignashevich. Alikuwa na miaka 38, zimebaki wiki mbili afikishe 39. Hapohapo akaingia kwenye rekodi ambayo hakuna anayeiomba: mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kujifunga kwenye Kombe la Dunia.

Kama ulikuwa unamwona kwa mara ya kwanza siku ile, lazima uliuliza, huyu mzee wamemtoa wapi? Ni swali la haki. Ila jibu lake ni refu kidogo.

Wamemtoa mbali. Mwaka 2002 alibeba ubingwa wa Urusi akiwa na Lokomotiv Moscow, na mwaka huohuo akaanza kuichezea timu ya taifa. Mwaka 2004 akahamia CSKA Moscow, na hapo ndipo alipoweka makazi. Mei 2005 CSKA wakaenda Lisbon kwenye fainali ya Kombe la UEFA, wakacheza na Sporting kwenye uwanja wa Sporting wenyewe. Wakatanguliwa kufungwa, wakarudi, wakashinda 3-1. Likawa kombe la kwanza la Ulaya kwa klabu ya Urusi tangu Umoja wa Kisovyeti uvunjike. Ignashevich alikuwa katikati ya ule ukuta pamoja na mapacha wa Berezutski, Vasili na Aleksei, na golini alikuwepo Igor Akinfeev, dogo wa miaka 19. Akiwa CSKA alibeba ligi mara 5. Mwaka 2008 alikuwemo kwenye kikosi cha Urusi kilichofika nusu fainali ya Euro.

Ila beki ni kazi ya ajabu. Mshambuliaji akikosa mabao matano akafunga moja, anabebwa juu juu. Beki akiokoa matano akakosea moja, usiku mzima anajadiliwa yeye. Hakuna anayehesabu mipira ambayo haikuingia.

Baada ya Euro 2016 mzee akaiaga timu ya taifa. Kazi imeisha, waachiwe vijana. Lakini mapema mwaka 2018 vijana wakaanza kuanguka. Georgi Dzhikiya akaumia goti. Viktor Vasin naye goti. Mei, kombe liko mlangoni, Ruslan Kambolov naye akaumia. Kocha Stanislav Cherchesov akampigia simu mtu aliyekuwa ameshaaga.

Angeweza kukataa, na asingelaumiwa na mtu. Heshima alishaitengeneza, na timu anayoitiwa ilikuwa ya 70 kwenye viwango vya FIFA, ya mwisho kabisa kati ya timu zote 32. Ukikubali hapo unaweka jina lako la miaka 16 rehani. Akakubali.

Wakaanza kwa kumchapa Saudi Arabia 5-0, wakaifunga Misri ya Mohamed Salah 3-1, wakapigwa 3-0 na Uruguay. Kisha ndo ikaja ile Jumapili, na kile kisigino.

Baada ya lile bao zilikuwa zimebaki dakika 78, na zikaongezeka 30 juu yake. Hakujificha. Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 siku ile, huku na huku, kama watu wanaotafuta ufunguo uliopotea, na kila walipokaribia boksi walimkuta mzee amesimama. Gerard Piqué akaunawa mpira, Artem Dzyuba akasawazisha kwa penalti. Dakika 120 zikaisha 1-1. Matuta.

Mpigaji wa pili wa Urusi? Yuleyule aliyejifunga.

Hebu fikiria ule mwendo wa kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye kidoti. Miguu imechoka, uwanja mzima unajua ulichokifanya, na ukikosa hii, maisha yako yote ya mpira yatafupishwa kwenye klipu moja. Akaweka mpira, akapiga, wavuni. Mwishoni Akinfeev, yule dogo wa Lisbon ambaye sasa alikuwa na miaka 32, akauondoa mkwaju wa Iago Aspas kwa mguu. Hispania nje.

Robo fainali, Julai 7, Sochi, dhidi ya Croatia. 2-2, matuta tena. Safari hii wenzake wawili walikosa na Urusi wakatolewa. Ignashevich alipewa tena, akafunga tena. Baada ya mechi akatundika daluga. Wiki moja baadaye, siku moja kabla ya fainali, akatimiza miaka 39. Aliondoka na mechi 127 za timu ya taifa, wakati huo hakuna Mrusi aliyekuwa nazo nyingi zaidi.

Lile bao la kujifunga halijafutika. Liko YouTube, na kwenye kumbukumbu za FIFA limeandikwa jina lake. Lakini ukiendelea kutazama mechi ileile hadi mwisho, utamwona tena, yuko peke yake, anaweka mpira kwenye kidoti.

Wewe ungeenda kupiga ile penalti, au ungejifanya unafunga kamba za viatu?