Gazeti la Wiki, Gazeti la Kachibora

Magazeti hufika Kachibora chini ya kiti cha matatu ya Kitale, yamefungwa kamba, juu yake kuna katoni ya vifaranga. Muuzaji anayatandaza juu ya gunia na kuyawekea mawe kwenye pembe yasipeperuke. Wanaume wanayainamia na kusoma vichwa vya habari bure. Anayetaka kufungua gazeti ndani humtolea muuzaji sarafu, akasoma amesimama, kisha akalirudisha likiwa limekunjwa kama lilivyokuja. Najua wachapishaji hawaupendi mtindo huo. Mimi naona ndiyo maktaba ya soko.

Kachibora iko Cherangany, nchi ya mahindi, na asubuhi niliyofika sokoni ubishi ulikuwa wa mbolea ya ruzuku na bei ya gunia la kilo 90. Katika gazeti nililokodi, mahindi yalikuwa aya nne ukurasa wa katikati. Kurasa zote za mbele zilikuwa za siasa za Nairobi.

Mwalimu mmoja mstaafu, mzee sana, alikuwa kando akinywa chai ya maziwa. “Hili, kijana wangu, kesho ni la kufungia mandazi,” aliniambia. “Baraza lilikuwa likikaa nyumbani wiki nzima.”

Baraza, gazeti la wiki la Kiswahili, lilianza kutoka Nairobi mwaka 1939 chini ya kampuni ya East African Standard, wakati serikali ya kikoloni ikitaka Waafrika wazisikie habari za vita kwa namna inayoipendeza. Mhariri alikuwa Francis Khamisi, mtu wa Pwani, ambaye baadaye aliingia katika uongozi wa chama cha KAU (Kenya African Union). Lilikuwa gazeti la Mzungu, sikatai, lakini barua na mashairi yalikuwa ya wasomaji wenyewe. Mwaka 1958 Charles Hayes akaanzisha Taifa, la wiki pia. Aga Khan alilinunua mwaka uliofuata, na mwaka 1960 likazaliwa Taifa Leo la kila siku. Baraza halikuivuka miaka ya 1970.

Trans Nzoia, kaunti yetu hii ya Kachibora, ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru walihamia watu wa kila upande, na leo sokoni utasikia Kibukusu, Kikalenjin na Kikikuyu kabla hujafika penye nyanya. Bei hukatwa kwa Kiswahili. Gazeti la Kiswahili la mara moja kwa wiki lilimfaa mkulima, ambaye siku ya soko yuko hapa na nyingine zote yuko shambani. La kila siku ni la mtu wa mshahara.

Habari za mtaani sasa zinapita redioni na kwenye simu, tena mbio. Lakini muulize mtu mkutano wa chifu wa mwaka juzi uliamua nini kuhusu maji, uone kama kuna pa kutazama.

Kachibora inaweza kuwa na gazeti lake: walimu wanaojua kuandika wapo. Kurasa nne kwa wiki zingetosha: bei za soko, mashamba, michezo ya shule, matanga, na barua, barua nyingi. Kila uchaguzi, wanaoutaka ubunge wa Cherangany hujaza kuta na nguzo kwa mabango ya sura zao. Mmoja wao na aipunguze picha yake, alipie kurasa hizo nne, kisha asiziguse.