Ramadhani ya Mama

Maili Moja, Kibaha
Jumatatu, 24 Februari 2025

Tumetoka kliniki ya kisukari, Tumbi. Daktari kamwambia Mama wazi: anayechoma insulini asubuhi na jioni, na sukari imeshawahi kumshuka usingizini, asifunge. Mimi wa vidonge kaniruhusu kwa masharti. Metformini ya mchana niiunganishe na ya futari, daku nile karibu na alfajiri, nipime hata mchana. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 mmol/L, nifungue hapo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana iingie.

Kwenye bajaji Mama hakusema neno. Tulipofika getini ndipo akauliza, "Sasa mwanangu, mimi nitakula mchana mbele ya nani?"

Jumatano, 5 Machi

Sheikh alipita baada ya Alasiri kumjulia hali. Alimsomea Mama aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara, kisha akasema: aliyeiteremsha saumu ndiye aliyeiteremsha ruhusa, na kuipokea ruhusa nako ni utiifu. Mama akauliza kuhusu kuchoma kidole. Akajibu kuwa tone lile halitengui saumu, nipime bila wasiwasi.

Kwa sisi tunaofuata Imam Shafi, mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku, wala halipi siku hizo baadaye. Mama kashika hilo kwa mikono miwili. Mchele anaupima mwenyewe, anaupepeta, anatoa chuya moja moja kama anapika wa wageni, kisha anajifunga kanga na kuupeleka mwenyewe kwa mjane wa nyuma ya soko. Tangu aanze hivyo hali tena chakula cha mchana jikoni akiwa kaupa mlango mgongo. Anakaa barazani na sahani yake. Nimefurahi mno. Wagonjwa wangapi hapa mtaani wanafunga kwa kuogopa macho ya watu tu!

Nimesoma kwamba Mayahudi nao hufunga Yom Kippur saa 25 bila tone la maji, lakini sheria yao inatanguliza uhai: mgonjwa ambaye saumu inahatarisha maisha yake huamriwa ale. Nilimsomea Mama. Akasema, "Mungu ni yule yule."

Jumapili, 16 Machi

Saumu yetu ya Pwani ni kama saa kumi na tatu hivi mwaka mzima. Si kama Ulaya, ambako Ramadhani ikiangukia kiangazi mtu hufunga hata saa kumi na nane. Njaa naiweza. Kinachonitisha ni mkeka wa futari.

Leo tulifuturu kwa wifi: tambi za sukari zilizokolea nazi na hiliki, mihogo, magimbi, viazi vitamu, uji, kaimati zinang'aa shira. Vyote wanga, vyote kwa mpigo, na tumbo tupu tangu alfajiri. Wifi akanijazia sahani: "Kula dada, umeshinda na njaa." Kukataa mkono wake ni kazi kuliko kufunga.

Nilichukua tende moja na maji, nikaswali Magharibi, kisha kipande cha muhogo kisichozidi ngumi, kunde, samaki na mchicha mwingi. Baada ya saa mbili, 8.4. Sunna ni tende na maji. Kaimati ni mila yetu wenyewe, na mila yetu tunaweza kuipunguza bila kumkosea Mungu. Hili nataka nilizungumze na akina mama wa darsa, maana humo tumo wengi wenye kadi za kliniki kwenye mikoba.

Ijumaa, 21 Machi

Saa tisa alasiri mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka kwenye paji la uso nikiwa nimekaa kivulini. Kidole kilikuwa cha baridi, nikakikamua mpaka tone likasimama. 3.6. Mama alikuwa ameshakoroga sukari kwenye kikombe kabla sijasema neno. "Bismillahi, kunywa." Nikanywa. Baada ya robo saa nikapima tena: 5.1.

Siku hii nitailipa baada ya Idi. Kesho sifungi. Nakwenda kwanza Tumbi kuuliza kama gliklazidi, kidonge changu kingine cha sukari ninachomeza daku, ipunguzwe.