Muuza Kahawa na Mzee wa Baraza

Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012. Hapa Tunduma magazeti yalipofika, kijiwe chetu kilijaa. Tulikaa pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, gazeti moja watu kumi. Kabla kahawa haijapoa tulikuwa tumeshamhukumu Elizabeth Michael, yaani Lulu. Na mimi nilichangia, tena kwa sauti kubwa. Ushahidi wangu? Picha ya ukurasa wa mbele.

Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu Dar es Salaam miaka mitano baadaye. Wazee wa baraza walishauri kwamba aliua bila kukusudia, na Novemba 13, 2017 Jaji Sam Rumanyika akamhukumu miaka miwili jela. Sisemi walikosea. Wao walisikia mashahidi, mimi nilisoma vichwa vya habari. Ila najiuliza: wazee wale si nao walikuwa na vijiwe vyao?

Kuna mzee mtaani kwetu aliyewahi kuwa mzee wa baraza Mahakama ya Mwanzo. Siku moja nilimuuliza anawezaje kusahau maneno ya mtaani akishaingia mahakamani.

“Sisahau, mwanangu,” akasema. “Ila kila jambo najiuliza, hili nimeambiwa na shahidi au na muuza kahawa?”

Marekani baraza la raia ndilo huamua kama mtu ana hatia. Kwetu wazee hushauri tu, jaji hafungwi na maoni yao. Na tangu sheria ibadilishwe mwaka 2022, Mahakama Kuu inaweza kuendesha kesi bila wao. Wapo wanaosema basi, tatizo limekwisha. Mimi sioni hivyo. Shahidi naye anasoma magazeti. Akisoma habari ileile mara tatu, anaweza kuja kuapa kwamba aliona jambo ambalo alilisoma tu.

Je, magazeti yanyamaze? Hapana jamani. Julai mwaka huohuo wa 2012 Serikali ililifungia MwanaHALISI, na tulijua ladha ya kunyamazishwa. Kesi isiyo na mwandishi huonwa na waliomo ukumbini tu, na mnyonge anaweza kuonewa humo bila mtu kujua. Katiba yetu inalinda uhuru wa maoni ibara ya 18, na ibara ya 13(6) inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Mwandishi anayeeleza shahidi alisema nini anaziheshimu zote mbili. Anayeandika “muuaji” siku ya kukamatwa anaivunja ya pili.

Siku hizi mtu akituma picha ya mtuhumiwa kwenye grupu letu la WhatsApp, namuuliza: “Shahidi alisema nini?” Wananicheka, wananiita hakimu. Sawa tu. Mwaka 2012 nilikuwa hakimu kweli, na hakuna aliyecheka.